Mwacheni Amalize Ubeti

Mwalimu wa Kwaya hakuwa na sauti. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu watu wa kwetu, kule milimani juu ya Uyole, bado hulisema kwanza kila anapotajwa, na hulisema kwa upendo, kama mtu anavyosema kwamba jogoo wake bora ni kiwete. Akiimba peke yake, ilikuwa kama mlango wa ghala unaofunguliwa baada ya masika. Lakini akiinua mkono mbele yetu, sisi watoto wa wakulima wa pareto na viazi, wenye makamasi na miguu ya magaga, kilitoka kitu ambacho hatukujua kama kilikuwa ndani yetu. Madereva wa malori waliopumzika kule chini barabarani walizima injini zao wakasikiliza. Mmoja alipanda mlima mzima kuja kuuliza ni nani aliyekufa.

"Hajafa mtu," Mwalimu alimjibu. "Tunafanya mazoezi."

Alikuwa na koti moja la sufu, jeusi, alilolivaa Juni wakati umande unapoganda juu ya majani, na akalivaa vilevile Januari. Katika mfuko wake wa kulia kilikaa chuma chake cha kutafutia sauti, chenye meno mawili kama uma, na katika mfuko huohuo alipenda kuweka kiazi cha kuchemsha kwa ajili ya njaa ya njiani. Kwa hiyo kila wimbo wetu ulianza na harufu ya kiazi. Alikigonga kile chuma gotini, akakiweka sikioni, akafumba macho. Sisi wadogo tuliamini kwamba Mungu yumo humo ndani ananong'ona.

"Anasema nini, Mwalimu?" binti mmoja alithubutu kuuliza.

"Anasema mmechelewa."

Na yeye ndiye aliyekuwa amechelewa. Sijawahi kumjua mtu aliyehimiza muda kama yeye na kuukosa kama yeye. Tulimwona kwa mbali akishuka kati ya mashamba ya pareto, meupe pande zote, koti likipepea, akikimbia kwa hatua za mtu anayejaribu kuonekana kwamba hakimbii. Akifika alituangalia sisi tuliokwisha kupanga mistari, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema kwamba uvivu utatumaliza.

Hakuwa wa kabila letu. Alikuwa Mbena, alikuja kwetu Wanyakyusa na Wasafwa kufundisha nyimbo, na miaka yote aliyokaa hakukubali kwamba ndizi ni chakula. "Ndizi ni tunda," alisema, huku akimaliza sahani. Kila salamu aliijibu kwa "Kamwene," hata asalimiwe kwa lugha gani. Kinyakyusa chake kilitufanya tujifiche nyuma ya viganja tukicheka, naye alilijua hilo, na ndiyo sababu alituzungumzia kwa Kiswahili tu. Kwa wengi wetu Kiswahili kilitoka kinywani mwake kwanza, kabla ya darasani. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo, maana ndilo lililonikwamisha, na ndilo lililoniokoa.

Alikuwa na misemo yake. "Anayeimba kwa nguvu hamsikii jirani." "Kelele ni uvivu wa sikio." Mtoto akikosea noti hakumgombeza, alimsogelea, akainama, akasikiliza kosa lenyewe kwa makini, kama fundi wa saa. "Rudia kosa lako," alisema. "Nataka kujua linatoka wapi." Tulizoea kuchapwa kwa makosa. Hatukuwa tumezoea kuombwa tuyarudie.

Alikataza wasichana kupiga mluzi, kwamba si adabu. Yeye mwenyewe, akipalilia viazi, alipiga mluzi mpaka ndege wakamjibu. Alihubiri juu ya pombe kila Jumapili aliyopewa nafasi. Lakini kila mwaka, mvua zikikolea na mianzi ya kwao ikianza kutoa ulanzi, alipata habari kwamba wazazi wake wanaumwa.

"Ugonjwa wa ajabu huo," mkewe, tuliyemwita Mama Mwalimu, aliwaambia majirani akiwa anamfungia mzigo. "Huwapata kila mianzi inapokatwa. Dawa yake mpaka mtoto wao afike anywe yeye."

"Mama," alisema Mwalimu kwa heshima kubwa, "watoto wanasikia."

"Ndiyo wasikie. Ukirudi utawaimbia sauti ya nne."

Alirudi mnene kidogo, mwenye furaha, na wimbo mpya.

Jumapili baada ya ibada alituketisha nje ukutani, penye jua, akatusimulia hadithi. Hapo hakuhitaji sauti nzuri. Alinyata, alinusa hewa, alijikunja akawa mdogo kama sungura, na pale mambo yalipotulia kabisa, alipiga makofi ghafla akaruka: "*Mara!* Simba akatokea!" Tuliangukiana kwa hofu na kicheko. "Wachungaji walikuwa wamekaa. *Mara!* Malaika wakatokea!" Nilikuwa na miaka minane au tisa na neno hilo nililipenda kuliko yote ya Kiswahili. Nyumbani nilimrukia mbuzi nikimwambia "Mara!" Kwangu mimi maana yake ilikuwa moja tu: kaa tayari, mgeni anakuja.

Sasa nije kwenye hesabu.

Shule yetu ilikuwa chumba kirefu cha matofali mabichi, na Mwalimu Mkuu alitufundisha jedwali la kuzidisha kwa kuliimba pamoja, asubuhi kwa asubuhi, fimbo ikipiga meza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi, na baridi, na mafua yasiyoisha. Mbili mara moja, mbili. Mbili mara mbili, nne. Katika umati ule nilifungua na kufunga mdomo. Lakini siku aliponiita peke yangu mbele, mambo yaliharibika.

Lililoniponza ni kwamba nilianza vizuri. Aliuliza, "Moja mara moja?" Nami nilijua kabisa maana ya mara moja: ndivyo mama alivyoniita alipotaka nije upesi. Nikajibu upesi, "Moja!" Akafurahi. Akauliza, "Mbili mara mbili?" Nikaona wawili wamekaa, na ghafla wawili wakatokea. "Nne!" Akafurahi zaidi. Kisha akauliza tatu mara nne, nikamjibu kwa imani ileile, "Saba," na fimbo ikashuka vidoleni. Tatu mara tano? "Nane." Fimbo. Sita mara mbili? "Nane." Fimbo, na darasa zima likicheka, na mimi nisielewe kwa nini nilikuwa na akili dakika moja iliyopita na sasa sina tena.

Ilikuwa hivyo kwa muhula karibu mzima. Nilihesabu vizuri, nikachapwa. Mtoto anayechapwa kwa kosa hujifunza kitu. Anayechapwa kwa jambo analoliona kuwa sahihi huacha tu kuiamini dunia. Nilianza kuumwa tumbo kila asubuhi.

Baba yangu alipata habari. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, na dada yake, shangazi yangu wa Mbalizi, alikuwa amejifungua na alitaka binti wa kumlea mtoto. Usiku mmoja nilimsikia akimwambia mama, "Kama hesabu haziingii, haziingii. Si kila ng'ombe ni wa maziwa. Shangazi yake anamhitaji." Mama alimwomba asubiri siku ile mwisho wa muhula ambapo wazazi waliitwa shuleni. Mwalimu Mkuu angemwuliza kila mtoto mbele ya mzazi wake. Nikijibu, nitabaki. Nikishindwa, nitaondoka na lori la kesho yake.

Nilimpenda shangazi. Lakini Mbalizi hakukuwa na vitabu kwa ajili yangu, wala kwaya. Kulikuwa na mtoto mgongoni, kisha mwingine, kisha wangu mwenyewe.

Mwalimu wa Kwaya alikuwa akipita nje ya dirisha la darasa, amechelewa kama kawaida, watoto wakiimba jedwali la tatu. Akasimama. Niliona koti jeusi likiziba mwanga. Alisikiliza mpaka mwisho, na tulipotoka alinisubiri chini ya paa, penye matone ya mvua.

"Wewe," alisema. "Sauti yako ipo. Maneno yako hayapo."

Nikaangalia chini.

"Umekuwa unafungua mdomo tu, kama kambale. Njoo nyumbani."

Nyumbani kwake Mama Mwalimu alikuwa akimenya viazi. Alinisogezea kigoda karibu na moto, akanipa kisu na mimi nimenye, maana aliamini kwamba mtoto hawezi kusema ukweli mikono ikiwa haina kazi.

"Haya," alisema Mwalimu. "Tatu mara nne."

Nikavuta mikono yangu nyuma. Akaiona. Alikitoa kile chuma chake mfukoni akakiweka chini, mbali, ili nione kwamba mkononi hana kitu.

"Sikupigi. Kosea tu. Tatu mara nne?"

"Saba, Mwalimu."

"Saba. Vizuri. Rudia kosa lako, nataka kujua linatoka wapi. Saba imetoka wapi?"

"Watatu walikuwepo," nilisema.

"Ndiyo."

"Mara wanne wakatokea."

Kisu cha Mama Mwalimu kilisimama. Mwalimu akainama karibu yangu.

"Wakatokea kutoka wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijui, Mwalimu. Kwenye hadithi zako huwa husemi."

Mama Mwalimu ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka kiazi kikamponyoka kikaingia majivuni. Alishika kifua, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akaanza upya. "Mume wangu! Unamtafuta mwizi, kumbe mwizi wewe! Mtoto kachapwa muhula mzima kwa simba wako!"

Mwalimu hakucheka. Alikuwa amefunika uso kwa viganja viwili. Alipoviondoa, macho yake yalikuwa na maji, nami nikaogopa kwamba nimemtukana.

"Hujakosea hesabu," aliniambia. "Sikia vizuri. Hujakosea hesabu hata siku moja. Umejumlisha vizuri kuliko wote. Umepewa neno lisilo lake."

Sijui kama kuna maneno mengine niliyowahi kuambiwa yaliyonishusha mzigo namna ile. Tumbo langu, lililokuwa limekaza tangu mvua za kwanza, liliachia pale pale kwenye kigoda, na nikagundua kwamba nina njaa. Nilikula viazi vyao karibu vyote.

Akaanza kunifundisha kwa kitu nilichokijua. "Wimbo wetu wa mavuno, ubeti una mistari mingapi?" Mitatu. "Nikiwaambia imbeni mara mbili, mnafanya nini?" Tunaimba, halafu tunarudia. "Anatokea mgeni?" Hapana. "Wanarudi kina nani?"

"Walewale," nilisema.

"Ndiyo hiyo. Kwenye mara ya hadithi anakuja mgeni. Kwenye mara ya hesabu hakuna mgeni. Ni walewale wanarudi. Haya, imba mara nne, uguse kidole kila mstari."

Niliimba. Mistari mitatu, ikarudi, ikarudi, ikarudi. Vidole viliisha nikaanza tena, na nilipofika mwisho nilikuwa na kumi na viwili, na hakuna aliyekuwa ametokea kutoka popote. Wote walikuwa wetu. Mama Mwalimu alipiga kigelegele kana kwamba nimeolewa.

Tangu siku hiyo tulikwenda na nyimbo. Wimbo wa mistari minne ukawa jedwali la nne. Ule wa Pasaka, wenye mitano, ukawa la tano. Wa mazishi ulikuwa na sita, nikauimba nikichota maji mpaka mama akauliza ni nani aliyekufa. Tulipofika saba, Mwalimu alikohoa.

"Hakuna wimbo wa mistari saba," alisema.

"Sasa saba mara nane nitafanyaje?"

"Mungu angetaka saba mara nane, angeweka wimbo."

"Yeye mwenyewe haijui," alisema Mama Mwalimu kutoka jikoni. "Muulize. Tangu nimeolewa naye haijui."

"Mama. Watoto wanasikia."

Ilikuwa kweli. Mtu yule hakuwa bingwa wa hesabu. Alikuwa bingwa wa kusikia. Kilichozidi sita kilimtoa jasho, na ili nisikwame alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Mkuu, kofia mkononi, akamwomba amfundishe jioni, naye Mwalimu Mkuu, Mungu ambariki na mafua yake, akakubali. Nilisikia kwamba walicheka sana pamoja. Sijui kama alimweleza habari ya simba. Najua tu kwamba fimbo ilipumzika.

Siku ya wazazi ukungu ulikuwa umekaa mpaka mlangoni. Baba alisimama kwenye ukuta wa nyuma na wanaume wengine, amevaa shati la kanisani. Mwalimu wa Kwaya alichelewa. Aliingia mimi nikiwa tayari mbele, akabaki mlangoni akihema.

"Sita mara nne," alisema Mwalimu Mkuu.

Sita. Wimbo wa mazishi. Nikaweka mikono nyuma, nikafumba macho, nikaanza kuuimba kimoyomoyo, kidole kwa kila mstari. Ni wimbo wa taratibu. Mtu hawezi kuukimbiza; wafu hawana haraka. Nilimaliza mara ya kwanza, nikarudia. Nilisikia mtu akikohoa. Nilisikia viatu vya baba vikisogea sakafuni, nikajua anaona aibu kwa ajili yangu, nikakaribia kupoteza mstari.

"Hajui," alisema Mwalimu Mkuu kwa upole. "Basi, mtoto, kaa."

"Mwacheni amalize ubeti."

Ilikuwa ile sauti ya mlango wa ghala. Watu wakageuka.

"Ubeti gani?" Mwalimu Mkuu aliuliza. "Mimi sisikii kitu."

"Ndiyo. Anaimba vizuri."

Wanaume wakaguna, mmoja akacheka. Lakini hakuna aliyesema tena, maana katika kimya kile kulikuwa na mlio mdogo: mguu wa Mwalimu wa Kwaya, pale mlangoni, ukipiga sakafu kwa mwendo wa wimbo wa mazishi. Alikuwa ameutambua. Nikaushika mguu ule kama mtu anavyoshika kamba wakati wa kuvuka mto, na tukaenda nao pamoja, mara ya tatu, mara ya nne, mpaka mstari wa mwisho. Nikafumbua macho.

"Ishirini na nne."

Mwalimu Mkuu alipenga kamasi. "Ishirini na nne," alisema. Kisha, pengine ili kuhakikisha, "Tatu mara nne?"

"Kumi na mbili," nikajibu papo hapo, maana hiyo sikuhitaji tena kuiimba.

Njiani kurudi baba hakunisifu. Alitembea mbele yangu katika ukungu mpaka tulipofika penye daraja la magogo, akasimama.

"Ulikuwa unaimba nini?"

Nikamwambia. Alifikiri kidogo, akaanza kuuimba, kwa besi, nami nikaingia juu yake, tukapanda mlima namna hiyo tukiimba wimbo wa mazishi kwa furaha kubwa. Shangazi wa Mbalizi alipata binti wa jirani, na mtoto wake akakua vizuri.

Mwalimu wa Kwaya aliondoka kwetu mimi nikiwa bado shule. Miaka ya hamsini ilipokaribia kwisha nilikuwa nimefika Iringa, najifunza ualimu, na huko sokoni nilikutana na mtu wa Uyole aliyeniambia kwamba wazee wale wawili wanakaa mjini humohumo, kwa binti yao. Nilifurahi, mpaka alipoendelea.

"Mama yupo vilevile," alisema. "Ila mzee, dada, usitegemee. Hamtambui mtu. Mimi aliniuliza kama nimekuja kurekebisha paa."

Nilikaa na habari hiyo kwa majuma kadhaa. Ni aibu ndogo ya moyo: niliona afadhali nisimwone kuliko anione nikiwa mtu wa kurekebisha paa. Mwishowe nilikwenda, Jumamosi mchana, na viazi kwenye kikapu.

Walikuwa wamekaa nje penye jua. Koti lilikuwepo. Mama Mwalimu alinikumbatia, akanisukuma mbali anitazame, akanikumbatia tena. Mwalimu alibaki ameketi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kamwene." Alinitazama kwa adabu. Hakukuwa na kitu machoni pake. Ile adabu tu. Mkono wake ukaingia mfukoni, ukatoka na kile chuma, ukakigonga gotini, taratibu, kwa mazoea. Akakiweka sikioni.

Mama Mwalimu alisubiri, kisha hakuweza kusubiri zaidi. "Baba, si huyu ni yule wa..."

"Mwache, mama," nilimwambia. "Mwache amalize ubeti."

Akafunga mdomo. Tukakaa. Upepo wa Iringa ulikuja na vumbi lake ukapita. Mguu wangu, bila mimi kuuamuru, ulikuwa umeanza kupiga chini polepole, kwa mwendo ambao wafu hawaukimbizi, na nikaona kidole chake kimoja kikitikisika juu ya goti, halafu kingine. Alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu sana, mrefu kuliko ule wa kwangu, na sikuthubutu kumwangalia mkewe.

Kisha akafumbua macho, na alikuwemo ndani yake.

"Watatu walikuwepo," alisema.

Mama Mwalimu alishika kanga yake akajiziba mdomo. Mimi nilishusha pumzi ambayo nadhani niliingia nayo Iringa, nikasogeza kigoda karibu, nikatoa kiazi kimoja kikapuni nikamwekea mfukoni, penye chuma chake.